Shokapu Nazo ni Sehemu ya Huduma

(Maneno yaliyotolewa na Mratibu wa Miradi wa Dayosisi katika semina ya siku moja ya kamati za maendeleo za sharika za Kilosa na Mikumi. Tumeyachapa hapa kwa ombi la wajumbe waliohudhuria.)



Tulipopewa nafasi hii wengi wenu mlitegemea tusome taarifa ya visima, mbuzi wa maziwa na chanjo za kuku. Taarifa hiyo mnayo mikononi, na tutajibu maswali yake mchana. Asubuhi hii tumeomba kibali tuzungumze juu ya jambo ambalo halijawahi kuwemo katika ajenda zetu, yaani shokapu, beringi na chesisi za pikipiki za mradi. Tunaona baadhi yenu mnatabasamu. Sisi pia tungetabasamu kama tusingekuwa tumejifunza somo hili kwa maumivu ya mtumishi mwenzetu.

Tulikotoka

Mnalijua eneo letu. Wilaya ya Kilosa ina tambarare za mkonge na miwa, ina bonde la mto Mkondoa, na ina milima ya Ukaguru na Rubeho upande wa magharibi. Mikumi iko kando ya barabara kuu ya kwenda Iringa na Zambia, na treni ya umeme ilianza kupita Kilosa mwaka 2024. Lakini wananchi tunaowahudumia hawakai kituo cha treni wala kando ya lami. Wako Zombo, Ulaya, Malolo, Uleling'ombe. Kule mtumishi hufika kwa pikipiki, na wakati wa masika hata pikipiki husukumwa.

Njia zetu zina tabia mbili. Kiangazi zina vumbi na matuta madogo madogo kama ubao wa kufulia, na masika zina utelezi na makorongo. Tukumbuke pia mafuriko ya Desemba 2009 na Januari 2010, Mkondoa ulipovunja kingo zake ukabomoa nyumba na kusomba reli. Maji yaliyoshinda tuta la reli hayawezi kuihurumia njia ya kijiji. Kila msimu njia hubadilika, na mwendeshaji hukutana na korongo ambalo mwezi uliopita halikuwepo.

Kwa kazi hiyo ofisi yetu ina pikipiki tatu za zamani, mbili aina ya Honda XL 125 na moja Yamaha DT 125. Zililetwa na wahisani miaka mingi iliyopita. Injini zake ni nzuri mpaka leo, na hilo ndilo lililotudanganya.

Yaliyotokea

Mtaalamu wetu wa mifugo, dada mnayemfahamu wengi, alikuwa akipeleka chanjo ya mdondo ya kuku katika kijiji kimoja upande wa Ulaya. Nyuma alifunga sanduku la barafu lenye chanjo, mkoba wa vifaa na dumu la maji. Aliposhuka korongo akashika breki, gurudumu la mbele likaruka, usukani ukakatika kushoto, akaanguka. Alivunjika mtulinga. Chupa za chanjo zilipasuka, na kijiji kile kikakosa chanjo msimu ule. Akina mama waliokuwa wamekusanya kuku wao tangu alfajiri walirudi navyo vitenga vyao nyumbani.

Hapa tunapaswa kusema kweli mbele yenu. Jambo la kwanza tulilolisema ofisini ni kwamba huyu dada alikuwa na mwendo mkali. Tulilisema kabla hatujaiona pikipiki na kabla hatujamwuliza. Jioni ile mmoja wetu akafungua daftari la safari. Mara tatu, katika miezi miwili, dada yule alikuwa ameandika kwa mkono wake: "Pikipiki inagonga mbele." Na mara tatu sisi tuliandika chini yake: "Injini nzuri, iendelee," tukaweka sahihi.

Hakuna gereji ya kulaumiwa hapo, wala mwendeshaji. Aliyeandika alitimiza wajibu wake. Waliosoma ndio hawakusoma.

Tulichokikuta

Tuliwaita mafundi wawili, mmoja wa Kilosa mjini na mmoja wa Mikumi anayetengeneza pikipiki za bodaboda, tukazifungua pikipiki zote tatu mbele yao. Kwanza walitueleza kazi ya shokapu kwa maneno ambayo tumeyakumbuka tangu siku ile: springi hubeba, oili hutuliza. Springi hupokea uzito wa mtu na mzigo. Lakini springi peke yake ikishabanwa hurudi juu kwa nguvu, hushuka tena, hupanda tena, kama mtoto juu ya kitanda. Oili iliyomo ndani ya shokapu hupenya katika matundu madogo, na ule ugumu wa kupenya ndio unaozuia kuruka. Oili ikiisha au ikichakaa, gurudumu huruka kila tuta, na gurudumu lililo hewani halina breki wala usukani.

Katika pikipiki iliyoanguka shokapu za mbele zilikuwa na oili kidogo sana, nyeusi, yenye harufu ya kuoza. Sili zilikuwa zimekatika kwa vumbi. Beringi za shingo ya usukani, ambazo kwa pikipiki ile ni golori za chuma zinazokaa ndani ya bakuli, zilikuwa zimechimba vishimo katika bakuli zake, hivyo usukani ulikuwa ukinata katikati na kugonga kila breki iliposhikwa. Nyuma, bushi za ule mkono unaoshika gurudumu, ambao mafundi huuita swingamu, zilikuwa zimelika mpaka gurudumu likawa linacheza kushoto na kulia. Na pale keria ilipofungwa kwenye fremu palikuwa na ufa uliofunikwa na rangi.

Ile Yamaha ina shokapu moja tu ya nyuma, iliyojificha chini ya kiti. Mpango huo una historia yake. Ulibuniwa na mhandisi Mbelgiji, Lucien Tilkens, kampuni ya Yamaha ikauchukua, na mwaka 1973 Håkan Andersson wa Sweden akawa bingwa wa dunia wa motokrosi wa daraja la sentimita za ujazo 250 akiendesha pikipiki yenye shokapu ya namna hiyo. Ni mpango mzuri kwa njia mbaya. Lakini kwa kuwa shokapu haionekani, kwetu ilisahauliwa, na tope lilikuwa limeizunguka kama kichuguu.

Kununua mpya au kutengeneza

Kamati ilipokaa, wajumbe wengi walishauri tuuze pikipiki zote tatu na kuomba mpya kwa wahisani. Tunawaelewa. Pikipiki mpya hupendeza, huwekwa wakfu, hupigwa picha. Beringi ya shingo haipigwi picha na mtu.

Hata hivyo tulijiuliza swali moja: pikipiki mpya zikija, nani atasoma daftari? Kama ni sisi wale wale, na tabia ile ile, mpya itakuwa ya zamani kabla masika mawili hayajapita. Jambo hili si geni barani Afrika. Mwishoni mwa miaka ya 1980 mwandishi wa habari wa Uingereza, Barry Coleman, na mwendeshaji wa mbio za pikipiki kutoka Marekani, Randy Mamola, walikwenda Somalia wakaona pikipiki za huduma za afya zimetupwa, nyingi kwa kukosa matunzo madogo. Kutokana na hayo likazaliwa shirika la Riders for Health, ambalo kazi yake ilikuwa kufundisha uendeshaji na matunzo katika nchi kama Lesotho, Zimbabwe na Gambia. Hoja yao ilikuwa kwamba chombo bila mpango wa matunzo ni mzigo kwa anayepewa.

Basi tukakubaliana tuzitengeneze zile tatu, tena tuziboreshe zifae kwa mizigo na njia zetu, zisiwe tu kama zilivyotoka kiwandani.

Tulichofanya

Tunaeleza kwa utaratibu ili kila kamati iweze kufanya hivyo hivyo.

Tulianza na shingo ya usukani. Kwa zile Honda tuliondoa golori na bakuli zake, tukaweka beringi zenye vipande virefu mfano wa vigogo vidogo. Golori hugusa bakuli kwa nukta tu, ndiyo maana huchimba vishimo. Vigogo hugusa kwa mstari, hivyo uzito hugawanyika na beringi hudumu. Tulihakikisha vipimo vya ndani na vya nje kabla ya kununua, tukapaka grisi ya kutosha. Nati ya shingo haikazwi kwa nguvu zote. Hukazwa mpaka kucheza kunakwisha, na usukani ukiachiwa uanguke wenyewe kushoto au kulia bila kunata.

Pili, shokapu za mbele. Mafundi walizifungua, wakaziosha kwa mafuta ya taa, wakaangalia mabomba ya ndani. Bomba moja lilikuwa na vidoa vya kutu, likabadilishwa, kwa sababu kutu hukata sili mpya kama msasa. Sili zikawekwa mpya pande zote mbili. Oili iliwekwa ile ya shokapu, kwa kipimo ambacho kitabu cha pikipiki kinaagiza, na kipimo kile kile kila upande. Hatukuwa na chombo cha kupimia, tukanunua bomba la sindano kubwa duka la dawa. Juu ya mabomba tukavalisha mipira ya kuzuia vumbi. Mpira huo ni wa bei ndogo kuliko vyote tulivyonunua, na kwa vumbi la Kilosa huenda ndio wenye faida kubwa kuliko vyote.

Tatu, shokapu za nyuma. Za Honda zilikuwa zimekufa na hazifunguliki. Tulipelekewa kwanza shokapu za pikipiki za bodaboda. Zilikuwa mpya na zinang'aa, lakini ndefu kuliko za awali. Fundi alitaka kuzifunga, tukakataa, na sababu yake ni hii: ukiinua nyuma peke yake, pikipiki huinama mbele, shokapu za mbele husimama wima zaidi, na usukani huwa mwepesi kupita kiasi kwenye mteremko. Tungemrudisha dada yetu korongoni na pikipiki mbaya kuliko ile ya kwanza. Tulitafuta nyingine mpaka Kariakoo, zenye urefu sawa na za awali kutoka tundu hadi tundu, springi nzito kidogo, na pete yenye ngazi za kukazia springi kulingana na mzigo. Shokapu hununuliwa jozi. Kuweka moja mpya na moja ya zamani ni kuipindisha swingamu.

Shokapu ya Yamaha ilibadilishwa nzima, na sehemu zote za kuzungukia zikaoshwa na kutiwa grisi.

Nne, bushi za swingamu. Badala ya bushi laini tulimpa mkereza vyuma wa Morogoro kazi ya kukereza bushi za shaba nyeusi, na swingamu ikatobolewa tundu la kusukumia grisi. Gurudumu la nyuma likatulia, na cheni ambayo tulikuwa tukiilaumu kwa kulika upande mmoja ikaacha kulika hivyo. Kumbe cheni haikuwa na kosa.

Tano, fremu. Ufa ulisuguliwa mpaka chuma cheupe, mwisho wake ukatobolewa tundu dogo ili usiendelee, ukachomelewa, na juu yake ikawekwa sahani ya chuma ya kuimarisha. Keria ilisogezwa mbele kidogo ili mzigo usining'inie nyuma ya ekseli, kwa maana mzigo ukikaa nyuma sana huinyang'anya mbele uzito wa kushika njia. Beringi za magurudumu, spoki na matairi tulizikagua, zilizochoka tukabadilisha.

Baada ya hapo kila pikipiki ilijaribiwa bila mzigo, kisha na mzigo, kisha nati na bolti zote zikakazwa tena baada ya wiki ya kwanza ya kazi.

Tunayowasihi msiyafanye

Msijaze oili nzito ya injini katika shokapu ili kuficha uvujaji. Shokapu itakuwa ngumu kama mti na sili itaendelea kuvuja. Msifunge shokapu inayovuja kwa utepe wa mpira wa baiskeli. Oili hiyo hutiririka mpaka kwenye breki. Msikubali bushi iliyokatwa kutoka tairi bovu, isipokuwa ni ya kumfikisha mtu nyumbani siku ile. Na ufa ukiwa karibu na shingo ya fremu, msiuchomelee kando ya njia. Hapo ndipo uzito wote wa breki hukutana, na shingo ikipinda kwa moto pikipiki haitakwenda sawa tena. Apelekewe fundi mwenye vipimo, na akisema fremu imekwisha, mkubali kwamba imekwisha.

Ukaguzi ambao kila mzee wa kanisa anaweza

Hauhitaji spana, na ni wa dakika kumi.

1. Shika breki ya mbele, bana usukani chini kwa nguvu, kisha achia. Pikipiki ipande mara moja na kutulia. Ikiruka mara mbili au tatu, oili imekwisha kazi yake.

2. Pitisha kidole kwenye mabomba ya shokapu. Kidole kikitoka na oili, sili imekatika.

3. Inua gurudumu la mbele, weka jiwe au gogo chini ya injini, shika shokapu chini kabisa uvute na kusukuma. Likigonga, shingo imelegea. Zungusha usukani polepole. Ukinata katikati, beringi imechimbika.

4. Inua la nyuma, lisukume kushoto na kulia. Lisicheze.

5. Gonga spoki moja moja kwa kijiti. Iliyolegea italia sauti nzito.

6. Futa vumbi kwenye maungio ya keria na fremu, utafute ufa.

Mwisho mwendeshaji akae juu na mzigo wake wa kawaida. Pikipiki ishuke kiasi cha robo hadi theluthi ya mwendo wote wa shokapu. Ikishuka mpaka chini, springi imechoka au mzigo umezidi. Na mara nyingi, wapendwa, ni mzigo. Pikipiki hizi hazikuundwa kubeba mtu, sanduku, dumu na abiria wa msaada kwa pamoja.

Ombi letu

Kwa wahisani: gharama yote ya pikipiki tatu, pamoja na kazi ya mafundi na mkereza vyuma, haikufikia bei ya pikipiki moja mpya. Hesabu na stakabadhi ziko kwa mtunza hazina, na kila mmoja wenu anakaribishwa kuziona. Tunaomba kwamba katika kila andiko la mradi lenye chombo cha usafiri uwepo mstari wa matunzo ya chesisi, tofauti na mafuta na oili ya injini. Sisi wenyewe katika maandiko yetu ya nyuma hatukuwahi kuuandika, na hatuwezi kuwalaumu kwa kutotoa tusichoomba.

Kwa kamati za sharika: daftari la safari lisomwe kikaoni kila mwezi, kwa sauti. Neno la mwendeshaji lipewe uzito kabla ya neno la ofisi, maana yeye ndiye aliye juu ya pikipiki.

Dada yetu alipona, akarudi kazini. Tulimwomba radhi mbele ya watumishi wote, akaipokea. Kisha alitoa sharti moja, nalo tumelikubali: katika daftari sasa ipo safu mpya upande wa kulia, na pikipiki haitoki ofisini mpaka mwendeshaji aweke sahihi yake hapo kwamba ameikagua na ameridhika. Akikataa kuweka sahihi, safari inaahirishwa, hata kama mgeni anasubiri. Mwezi uliopita alikataa mara moja, kwa spoki mbili zilizolegea. Tuliona uzito kidogo, kwa kuwa ratiba ilivurugika, lakini pikipiki ilibaki mpaka spoki zikakazwa.

Kijiji kile cha upande wa Ulaya kimepata chanjo msimu uliofuata. Akina mama walikuja tena na vitenga vyao.

Wakati wa chai pikipiki zote tatu zitakuwa nje chini ya mwembe, na mafundi wetu wawili wapo. Tunaomba kila kamati itoe wajumbe wawili wafanye ule ukaguzi kwa mikono yao wenyewe kabla hatujaendelea na taarifa ya visima.